Chai ya maziwa na soketi ya bafuni

Nilipoingia kwenye trela lao mara ya kwanza, soketi mbili za GFCI, zile za vitufe zinazojikata umeme ukivuja, zilikuwa mezani, kando ya kopo la chumvi. Shemeji alizing'oa ukutani bafuni kwa wiki mbili tofauti, kila moja akiihukumu kuwa mbovu. Ya tatu ilikuwa imefungwa, mpya kabisa, na alfajiri ya siku hiyo nayo ilikuwa imejikata. Nilizichukua zile mbili nikazijaribu nyumbani kwangu. Zote nzima.

Wenye trela ni mke na mume kutoka nyumbani. Dada ni muuguzi wa mikataba: anafanya wiki 13 hospitali moja, mkataba ukiisha anahamia mji mwingine. Baadhi ya wauguzi wa aina hiyo Marekani huchoka kupanga nyumba kila baada ya miezi mitatu, wakanunua RV, yaani gari au trela la kuishi. Hawa walinunua trela la mtumba la mwaka 2012, la kuvutwa na pikapu, urefu wake futi 26. Februari hiyo walikuwa wameliegesha kwenye kambi ya RV kusini ya Houston, upande wa kuelekea baharini. Mtu wa Tanga au Mombasa hana haja ya kuelezwa unyevu wa pwani, ila pale Februari ina baridi kidogo. Ukungu unashuka usiku, na kukipambazuka kila kitu cha bati kinatiririka maji kana kwamba kuna mtu alipita na ndoo.

Malalamiko yao yalikuwa hivi. Soketi ya bafuni inajikata alfajiri, kati ya saa kumi na saa kumi na mbili, siku nyingine inakata, siku nyingine haikati. Ikishakata, soketi mbili za jikoni nazo zinakufa, na ile ya nje chini ya turubai pia. Ukibonyeza RESET, ama inakataa ama inashika dakika chache halafu tak! Ikifika saa nne, jua limepanda, unabonyeza mara moja tu na inakaa hadi kesho yake.

Dada anaingia zamu saa moja kamili. Kwa hiyo saa kumi na moja anakuwa jikoni anawasha birika la umeme. Birika ndilo lililoshtakiwa kwanza, likafungiwa kabatini wiki nzima, chai ikawa inapikwa kwa gesi. Soketi ikaendelea kujikata.

"Sasa kaka, mimi nimeamua," shemeji akaniambia. "Naweka soketi ya kawaida, hizi za vitufe ni nyeti mno. Za kwetu zina tabu gani?"

Nilimwomba anipe wiki moja.

Kabla ya lolote nilimuuliza swali ambalo fundi yeyote angemuuliza: kinachoruka ni breka au ni soketi? Watu wanasema "umeme umekata" kwa vyote viwili, kumbe ni kesi mbili mbalimbali. Breka inalalamikia mzigo. Birika la wati 1500 kwenye umeme wa volti 120 linakula ampea 12 na nusu. Ukiongeza pasi kwenye laini hiyo hiyo, breka ya ampea 20 ina haki ya kuruka. GFCI haijali mzigo hata kidogo. Yenyewe inalinganisha umeme unaotoka kwa waya wa moto na unaorudi kwa nyutro. Vikiwa sawa, hata ampea 15 zipite, imetulia. Vikipishana kwa miliampea 5 hivi, inakata, maana kilichopungua kimepata njia nyingine ya kurudi, na njia hiyo inaweza kuwa mwili wa mtu aliyesimama peku kwenye sakafu ya bafu.

Hapo ndipo penye tofauti na nyumbani. RCD, vifaa vya kazi hiyo hiyo tunavyofunga Tanzania na Kenya, kwa kawaida hukata kwenye miliampea 30, na moja inalinda nyumba nzima. Ya Marekani inatakiwa ikate popote kati ya miliampea 4 na 6. Kiwango hicho kina historia. Charles Dalziel, profesa wa umeme wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, alipima kwa watu wa kujitolea ni umeme kiasi gani unaomfanya mtu ashindwe kuachia waya alioushika. Ndiye pia anayetajwa kuwa mvumbuzi wa kifaa chenyewe, mwaka 1961. Miliampea 5 zimewekwa chini ya kiwango cha kushindwa kuachia. Shemeji alikuwa sahihi kwamba soketi hizo ni nyeti. Zimetengenezwa hivyo kwa makusudi.

Kwenye trela unyeti huo una kazi zaidi kuliko ndani ya nyumba. Trela ni sanduku la alumini juu ya fremu ya chuma, limekaa juu ya matairi ya mpira. Ethi yake, yaani waya wa usalama, ni ule mmoja tu ulio ndani ya kebo inayokwenda kwenye nguzo ya umeme ya kambi. Ukikatika huo, na ndani kuna kitu kinavuja, bodi nzima inakuwa na umeme; mtu anashika mpini wa mlango akiwa amesimama kwenye majani mabichi, anapigwa shoti. Kuitoa GFCI bafuni kwa sababu inakata ni sawa na kumfukuza mlinzi kwa sababu anapiga filimbi usiku.

Nilivyokosea siku ya kwanza

Siku ya kwanza nilikwenda Jumamosi, saa sita mchana. Hilo lilikuwa kosa namba moja: umeitiwa mwizi wa alfajiri, unakuja mchana.

Kila kitu kilishika. Nilichomoa trela kwenye nguzo, nikazima betri, nikapima kati ya nyutro na ethi ndani ya boksi la breka. Kwenye RV viwili hivyo havitakiwi kugusana ndani ya gari; vinaunganishwa kule umeme unakotoka tu. Mafundi wa nyumba wakibadilisha boksi la RV huwa wanaviunganisha kwa mazoea, halafu mwenye gari akichomeka kwenye soketi ya gereji yenye GFCI, inakata papo hapo bila hata taa moja kuwashwa. Hapa mita haikuonyesha muunganiko wowote. Vizuri.

Kisha nikatoa mita ya kubana, ile inayosoma hadi sehemu za miliampea, nikaizungushia kebo kubwa inayoingia kwenye trela. Ikasoma karibu sifuri. Nikamwonyesha shemeji kwa kujiamini kabisa: "Umeona? Hakuna mvujo."

Nilikuwa njiani kurudi, kwenye foleni, ndipo nilipojipiga kofi la paji. Kebo ile ina waya wa moto, nyutro na ethi, vyote ndani ya ganda moja. Umeme unaovuja unatoka kwa waya wa moto na kurudi kwa ethi, na vyote viwili vilikuwa ndani ya mdomo wa mita. Jumla lazima iwe sifuri, hata kama ndani kunavuja kama ungo. Ukitaka kuuona mvujo unabana waya wa moto na nyutro peke yao, ethi inabaki nje. Nalijua hilo tangu chuo cha ufundi, VETA. Siku hiyo nilikuwa na haraka.

Jumapili alfajiri dada akatuma ujumbe: "Imekata tena. Saa 11:20." Na emoji ya kulia.

Daftari la gesi

Niliwaomba waandike kila inapokata: saa, hali ya hewa, nini kilikuwa kimewashwa, na kitu kingine chochote kilichobadilika humo ndani, hata kama wanaona hakihusiani. Kipengele hicho cha mwisho ndicho kilichotufikisha.

Daftari lilikuja kwa picha Ijumaa. Siku nne kati ya sita ilikata. Siku mbili ilizoshika, dada aliandika "kulikuwa na upepo, kioo cha gari kikavu". Hilo lilinipa nusu ya jibu: unyevu. Nusu ya pili ilikuwa pembeni, kwa mwandiko wa shemeji: "Mtungi wa gesi umeisha tena. Wa pili ndani ya mwezi."

Mtungi wao ni wa kilo 9. Walikuwa wanaulaumu ubaridi, maana trela lina hita ya gesi. Lakini dada aliniambia hita wanaiwasha usiku tu, tena si kila usiku. Nikaanza kujiuliza ni nini ndani ya trela kinachoweza kula gesi bila mtu kukiwasha.

Friji.

Friji la RV ya zamani si kama la nyumbani lenye kompresa. Linafanya kazi kwa joto: unachemsha mchanganyiko wa amonia na maji kwenye bomba la nyuma, na mzunguko wa mvuke wake ndio unaoleta baridi. Joto hilo linaweza kutoka kwa koili ya umeme, wati 300 hivi, au kwa mwali mdogo wa gesi. Ukiliweka kwenye AUTO linachagua lenyewe: umeme ukiwepo linatumia umeme, ukikosekana linawasha gesi. Ubongo wake unaendeshwa na betri ya volti 12, kwa hiyo umeme wa ukutani ukikatika halizimi, halilii, barafu haiyeyuki. Linahamia gesi kimyakimya. Na likikaa kwenye gesi mchana na usiku, friji peke yake linaweza kuumaliza mtungi wa kilo 9 kwa wiki mbili hivi.

Kwa hiyo kuna uwezekano kwamba friji nalo lilikuwa limechomekwa kwenye laini ya ile GFCI ya bafuni, likawa linapoteza umeme kila alfajiri pamoja na soketi za jikoni, na hakuna aliyejua, kwa sababu maziwa yaliendelea kuwa baridi.

Usiku wa Ijumaa

Nilikwenda na begi la vifaa na mswaki. Dada alikuwa amepika wali na maharage ya nazi. Baada ya kula tulizima televisheni na feni, nikaingia bafuni nikabonyeza TEST.

Tak. Soketi za jikoni kimya. Tukangoja. Baada ya muda kidogo, kutoka nyuma ya ukuta wa friji, upande wa nje, ikasikika: tik-tik-tik-tik-tik, halafu pumzi fupi, vuu. Kwenye paneli ya friji kitaa cha AC kilizimika na cha GAS kikawaka.

Shemeji akanitazama. "Kumbe huwa linafanya hivyo?"

Mchana ule wa Jumamosi nililifanya jaribio hilo hilo nikizunguka na taa ya mezani kutoka soketi hadi soketi, redio inaimba, nikaandika soketi tatu zilizokufa na kuridhika. Ya nne haionekani ukiwa ndani. Iko nje, nyuma ya kile kifuniko cha plastiki chenye matundu ya kupitishia hewa ya friji, imening'inia juu ya bomba la gesi. Tulikifungua kwa tochi: plagi ya friji ile pale, na waya wake unarudi kuelekea bafuni.

Nikaitoa GFCI ukutani bila kuitenganisha. Nyuma yake kuna skrubu za LINE, umeme unakoingia, na za LOAD, unakotoka kwenda kwenye soketi nyingine. Nilibana waya mbili za LOAD, mweusi na mweupe. (Angalizo kwa fundi aliyesomea kwetu kwenye nyumba za waya za zamani: kule mweusi ndio nyutro, Marekani mweusi ni wa moto, mweupe ni nyutro. Mwaka wangu wa kwanza hapa nilikuwa nahesabu mara tatu kabla ya kugusa.) Ethi, waya mtupu wa shaba, nikaiacha nje ya mdomo wa mita.

Friji likiwa linapoza kwa umeme: miliampea 3.4. Nikachomoa plagi ya friji: 0.3. Friji peke yake lilikuwa linavuja 3.1.

Shemeji alitaka tusherehekee. Lakini 3.4 haifiki 4. Mvujo huo peke yake hauwezi kuikata soketi nzima, na kweli haikuikata; usiku ule wote ilishika. Kama friji ndilo lenye kosa lote, mbona mchana haikati?

Nikalala kwenye meza ya chakula, ambayo ukiishusha na kupanga mito inakuwa kitanda cha mtu asiyejigeuza.

Saa kumi na moja kasoro nilisikia dada akijaza birika. Nikamwomba afanye kama kawaida yake, kana kwamba sipo. Akawasha birika. Akafungua friji, akatoa maziwa, akasimama mlango wazi akitafuta tangawizi iliyokuwa imejificha nyuma ya mtindi. Akafunga. Kitaa cha friji kikabaki AC. Maji yakachemka, birika likajizima. Bado inashika. Akamimina, akaweka majani. Nadhani zilipita dakika tatu tangu afungue friji, nikasikia rilei ya friji, swichi inayowasha koili, ikigonga kama ukucha juu ya meza. Nikaanza kuhesabu. Moja, mbili, tatu, nne.

Tak.

Birika lilikuwa limeshazima kitambo. Kilichowashwa ni koili ya friji, kwa sababu mlango ulikaa wazi, hewa ya jikoni ikaingia, kihisi cha ndani kikaona joto kikaomba baridi. Chai ilihusika kweli, ila kwa upande wa maziwa.

Zile sekunde nne nazo zina maana. Mvujo ukiwa mkubwa GFCI inakata kufumba na kufumbua. Ukiwa mdogo, pale kwenye mpaka, kanuni inairuhusu kusitasita. Kwenye miliampea 6 inaweza kuchukua hadi sekunde 5 na nusu hivi. Mtu anayesikia tak hana sababu ya kuikumbuka rilei iliyogonga kabla, anakumbuka birika alilotoka kulishika.

Nikachomoa friji, nikabonyeza RESET. Ikashika. Nikapima tena waya zile zile mbili, friji likiwa halimo kabisa. Usiku zilisoma 0.3. Alfajiri hiyo zilisoma 2.9.

Jumlisha mwenyewe. Zile 2.9 za alfajiri, na 3.1 za friji: 6 kamili. Kila mmoja peke yake angepita mbele ya soketi ile maisha yake yote bila kukamatwa.

Hapo ndipo yale mambo ya zamani yalipojipanga. Kwa nini soketi mpya ya pili ilitulia siku mbili kabla ya kuanza tabia ile? Kwa sababu kati ya 4 na 6 kila soketi ina mahali pake pa kukatia, na moja inaweza kuvumilia kidogo kuliko mwenzake; mvujo wa 4.6 au 4.8 unapita kwa huyu unakataliwa na yule. Shemeji alidhani ametibu ugonjwa. Alikuwa amebadilisha kipimajoto.

Chini ya turubai

Zile 2.6 za ziada sikuhitaji kuzitafuta sana. Soketi ya nje ilikuwa imelowa. Kifuniko chake cha kubetua kilikuwa kizima kwa macho, lakini raba ya nyuma ilikuwa imekauka, ukiikunja inavunjika kama biskuti. Nilizima breka, nikachomoa na kebo ya nguzo kabisa, maana breka ya kawaida inakata waya wa moto tu, nyutro inabaki imeunganishwa. Nikafungua.

Ndani, kwenye skrubu ya shaba ya waya wa moto, kulikuwa na unga wa kijani uliotambaa kwenye plastiki. Kutoka hapo hadi kwenye bati la ethi ulikuwepo mstari wa kahawia, mwembamba kama njia ya siafu, sentimita moja na nusu urefu. Ukiwa mkavu, mita ya kawaida haikuona kitu pale. Nilipoupulizia pumzi ya mdomo tu, kama unavyofuta miwani, namba za ukinzani zikaanza kuteremka. Shemeji aliomba apulize na yeye. Tulikaa pale kama watoto wawili tunapuliza soketi saa kumi na mbili asubuhi, jirani mmoja mzee akapita na mbwa wake akatusalimia kwa mashaka.

Nilifunga soketi mpya yenye alama ya WR, iliyotengenezwa kwa ajili ya nje, na kifuniko cha kuba kinachofunika hata plagi ikiwa imechomekwa. Silikoni nilipaka juu na pembeni tu. Chini niliacha wazi. Watu wanaziba pande zote nne wakidhani ndiyo kukamilisha kazi; maji yatapata njia ya kuingia tu, na ukiwa umeziba chini hayana pa kutokea.

Koili ya friji iliagizwa, ikafika Jumatano. Siku zote hizo friji niliwaambia waliweke GAS na wachomoe plagi yake. Jumatano jioni, gesi imefungwa na friji limepoa, tulifungua kifuniko cha nje, tukatoa bati na pamba ya kuzuia joto, na kuvuta koili kutoka kwenye mfuko wake kando ya bomba la moshi. Ilitoka kwa shida, ikiacha magamba ya kutu. Kwa muundo ni kipande cha bomba chembamba kuliko kidole cha shahada, chenye waya mbili. Karibu na mwisho mmoja ganda lilikuwa na ufa, mfupi kuliko punje ya mchele, na pembeni yake unga mweupe. Unga huo ni oksidi ya magnesiamu, ndiyo inayotenga waya wa ndani na ganda la nje. Ikiwa kavu ni kizuizi kizuri sana. Ikipata njia ya kunywa unyevu, umeme unaanza kupenya. Kati ya waya mmojawapo na ganda mita ilisoma kilo-omu 38. Koili mpya, mahali hapo hapo, mita haikusoma chochote, na ndivyo inavyotakiwa. Gawanya 120 kwa 38,000 utapata karibu miliampea 3.2. Ilipendeza kuona hesabu ya kalamu na ya mita zinasalimiana.

Tuliweka yenye wati na volti zile zile. Kuna watu wanaopandisha wati ili friji lipoe upesi. Sikushauri.

Gereji ya binamu

Jambo moja lilibaki, na nalisema kwa sababu lilikuwepo tangu mwanzo na sikulipa uzito. Siku ya kwanza kabisa dada alinigusia kwamba Krismasi waliegesha uani kwa binamu yake kaskazini ya jimbo, wakachomeka trela kwenye soketi ya gereji kwa adapta, na soketi ya gereji ikakata mara mbili mchana kweupe, hakuna umande wala nini. Nililiweka kapuni, nikidhani ni gereji mbovu. Lakini nguzo ya kambi, kwenye soketi ile kubwa ya ampea 30, kwa kawaida haina GFCI. Gereji inayo. Kambini aliyekuwa anasimamia ni mlinzi mmoja wa bafuni, anayeona laini yake tu. Kwa binamu, mlinzi wa gereji alikuwa anaona trela zima: friji, hita ya maji, chaja ya betri, kila kitu, vyote vikivuja chake kidogo kidogo kwenye waya mmoja wa ethi.

Kwa hiyo Jumatano ile, kabla sijafunga boksi la breka, nilibana waya mkuu wa moto na nyutro yake pamoja, ethi nje, kila kitu ndani kikiwa kimewashwa. Miliampea 1.9. Nikazima kimoja kimoja. Hita ya maji ilikuwa na 1.1 yake, zilizobaki zimegawanyika. Hita ina koili ya jamii ile ile ya friji, na ya umri ule ule. Niliandika 1.1 na tarehe kwa kalamu ya rangi ndani ya mlango wa boksi, nikamwambia shemeji apime tena Agosti, na nikamwachia mita yangu ya akiba.

Soketi zake mbili nzima nilimrudishia. Moja ameifunga jikoni mahali palipokuwa na ya kawaida. Nyingine bado iko mezani, dada anaegemezea simu akipiga nyumbani.